Sifuri Iliyo Katikati

Mtoto wa darasa la tatu akiulizwa 302 kutoa 147, naye akajibu 245, si insafu kumwita mzembe, kwani jawabu lake lina kanuni yake: katika kila safu ametoa tarakimu ndogo katika ile kubwa, bila ya kujali ipi iko juu na ipi iko chini, na alipoikuta sifuri hapo katikati, isiyo na kitu cha kumpa jirani, akashika njia ile ile. Neno "kukopa", ambalo sisi walimu tumelizoea mno, halimfai. Bali naona lampoteza, maana akopaye hudaiwa, na hapa hakuna anayedai.

Dawa yake imo katika fagio la chelewa. Njiti zikatwe vipande vya urefu wa kidole, zihesabiwe kumi kumi na kufungwa kwa kamba za mgomba, kisha vitita kumi vifungwe pamoja viwe kitita cha mia. Na kazi hiyo aifanye mtoto mwenyewe, wala si mwalimu usiku uliotangulia, kwa sababu asiyejua kitita kilivyofungwa hatajua kwa nini kifunguliwe. Hapo awekewe vitita vitatu vya mia na njiti mbili, aambiwe atoe 147. Saba hazipatikani katika mbili. Atatazama mahali pa makumi, aone patupu (na "tupu" ndiyo maana ya asili ya sifuri katika Kiarabu). Hatakuwa na budi kufungua mia moja, apate vitita kumi, na kimoja katika hivyo akifungue tena. Akihesabu ataona mia 2, makumi 9 na njiti 12, na ile tisa, ambayo ubaoni huzuka kama kiinimacho, ataijua ilikotoka. Zitabaki 155.

Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alitumia shanga zilizotungwa kumi kumi katika waya. Zana nzuri, ila waya ule haufunguki, ikawa kumi hubadilishwa kwa shanga nyingine, kama noti kwa sarafu. Kwa anayeanza mimi huchagua njiti, kwa sharti kwamba kila kitita kinapofunguliwa tarakimu nazo zibadilishwe daftarini saa ile ile, ama sivyo atakuwa hodari katika mambo mawili yasiyojuana. Baada ya majuma machache vitita vifungiwe kabatini, aulizwe 405 kutoa 168, naye aeleze kwa mdomo angefungua kipi kwanza.