Mugabi Dhidi ya Hagler, Leo Usiku, Kawangware

Jumamosi iliyopita pengine ulikuwa Westlands ukinunua chupa ya maji kwa bei ya kuku. Mimi nilikuwa Kawangware, ndani ya kinyozi kilichofungwa mlango nusu, na wasee kama tisa na kompyuta moja kuukuu niliyoitoa Luthuli Avenue. Tulikuwa tunafuata John Mugabi akipigania taji la dunia.

Najua unauliza Mugabi ni nani. Tulia.

Mugabi ni Mganda, na ulingoni walimwita "The Beast", yaani mnyama. Tarehe 10 Machi 1986, kwenye ulingo uliojengwa nje pale Caesars Palace, Las Vegas, alipanda kumkabili Marvin Hagler, bingwa wa uzani wa kati, ule wa kilo 72.5. Mugabi hakuwa amewahi kushindwa katika ndondi za kulipwa, na kila aliyempiga alikuwa amemmaliza kabla ya kengele ya mwisho. Hagler alimwangusha raundi ya 11. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lakini kwa kompyuta yangu pambano linaanza upya kila nikibonyeza.

Usifikirie ni gemu ya PlayStation. Hakuna picha. Ni programu niliyoandika mwenyewe (kozi ya kompyuta niliiacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, lakini ya mwaka wa kwanza yalibaki kichwani). Kila bondia anapewa alama kwa mia: nguvu ya ngumi, kasi, ulinzi, pumzi, na kidevu, yaani anaweza kugongwa kiasi gani na abaki amesimama. Kompyuta inarusha kitu kama dadu kwa kila ngumi. Ikiingia, mwenzake anapunguziwa pumzi. Maneno yanashuka kwenye skrini mstari kwa mstari, nami nasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Manze, watu wanapiga kelele kama wako pale Vegas.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko mamako. Mwaka wa 1967 Mmarekani mmoja, Murray Woroner, alipiganisha mabondia wa enzi tofauti ndani ya kompyuta na kutangaza matokeo redioni. Muhammad Ali alisikia amepigwa na Jim Jeffries, mtu aliyeacha ndondi kabla Ali hajazaliwa, akakasirika mpaka akaenda kortini. Baadaye akakubali kulipwa arekodiwe filamu akipigana kwa kuigiza na Rocky Marciano, ambaye alikuwa amestaafu kitambo. Ilipoonyeshwa Marekani Januari 1970, Marciano alishinda raundi ya 13. Mwenyewe hakuona. Alikufa kwenye ajali ya ndege Agosti 1969.

Basi turudi kinyozini. Pambano la kwanza Mugabi alifika mwisho, akapoteza kwa pointi. La pili akaanguka raundi ya 9. La tatu, raundi ya 6, Hagler chini! Mwenye kinyozi akatupa taulo juu, likanasa kwa feni. Nikawaletea Dick Tiger, yule Mnigeria aliyetetea taji lake nyumbani Ibadan tarehe 10 Agosti 1963, Gene Fullmer akashindwa kuendelea baada ya raundi saba. Jina la Tiger lilivuma hadi huku: Richard Murunga wetu, aliyeleta shaba ya uzani wa welter kutoka Munich 1972, watu walimwita Dick Tiger Murunga.

Hapo ndipo mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango na chai yake aliniharibia usiku.

"Kijana, hizi zote ni hadithi za majirani. Wa kwetu wako wapi?"

Nikamwambia mzee, wa kwetu wa uzani huo nitamweka Chris Sande. Shaba, Olimpiki ya Seoul 1988, uzani wa kilo 75. Alitolewa nusu fainali na Henry Maske wa Ujerumani Mashariki, ambaye alichukua dhahabu na baadaye akawa bingwa wa dunia kwenye ndondi za kulipwa.

"Sawa. Mpe alama."

Nikakwama. Alama za Maske hazinisumbui, mapambano yake yako kila mahali. Ya Sande? Nguvu ngapi? Pumzi ngapi? Jumanne nikapanda 46 hadi tao, nikaingia maktaba ya McMillan, siku nzima kwa magazeti ya zamani. Nilipata alishinda nani, alishindwa na nani, kwa pointi ama la. Mkono gani uliumiza zaidi, hakuna aliyeandika. Nikitoka nikapita Charter Hall pale City Hall, ukumbi ambao umeona ngumi nyingi, nikasimama nje kama mjinga.

Na kuna shimo kubwa zaidi. Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal 1976, halafu ikasusia Moscow 1980. Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa Belgrade 1978, na hakuna medali ya Olimpiki yenye jina lake. Uganda ilienda Moscow. Mugabi alirudi na fedha ya welter, na baadaye promota wa London, Mickey Duff, akamsimamia kwenye ndondi za kulipwa. Kwa hivyo ukiniuliza kwa nini programu yangu imejaa Mugabi na haina Mkenya wa rika lake, jibu halianzi ulingoni.

Msee mmoja akasema si niweke tu Robert Wangila, dhahabu ya Seoul, bondia wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki. Kwanza Wangila alikuwa welter. Pili, alikufa Julai 1994, miaka 26, siku mbili baada ya pambano Las Vegas. Kwa programu yangu pumzi ikifika sifuri inaandika "refa amesimamisha", nabonyeza, wote wawili wanaamka wazima. Nilijaribu kuandika jina lake nikalifuta. Labda wewe ungeweza. Mimi bado.

Jumamosi hii ni Sande dhidi ya Mugabi, raundi 12, taji la dunia, pambano ambalo halikuwahi kufanyika. Mzee anataka Sande apewe pumzi 85. Rafiki yake kutoka Kangemi anasema hiyo ni mapenzi, weka 78. Wamebishana tangu Jumatano, na nimegundua wote wawili waliwahi kuvaa glavu, ingawa hakuna anayetaka kuniambia alipigwa na nani.

Kwa hivyo nina kazi kwako. Kama babu yako, mjomba wako ama yule mlinzi wa ploti yenu alikuwa anaenda kutazama ndondi miaka hiyo, muulize kabla ya Jumamosi. Usimuulize nani alishinda, hiyo ninayo. Muulize ni mkono gani ulikuwa mzito, na ni raundi ya ngapi mtu alianza kupumua kwa mdomo.