CSI: Wahakiki Walisema Hivi, Sebuleni Wakasema Vile

Unataka kumjua mwenzi wako vizuri? Achana na simu yake. Kaeni kwenye sofa muangalie pamoja tamthilia ya upelelezi. Wapo ambao dakika ya kumi tu wameshamtaja muuaji, na wakikosea wanadai mtunzi ndiye aliyekosea. Wapo wanaofunika macho kila shuka la mochwari linapofunuliwa, halafu wanauliza kwa sauti ndogo, "Imepita?" Na wapo wanaopitiwa na usingizi mpaka mwisho, wakiamka wanataka wasimuliwe yote. Kwetu, mume wangu ni wa kundi la kwanza. Mimi, mhariri mzima, ni wa kundi la pili.

Miezi michache iliyopita tuliamua kurudi mwanzo kabisa wa CSI: Crime Scene Investigation, ile ya Las Vegas, mama wa zote. Wengi wetu tuliijua enzi za DVD za kuazimana, zile zilizobanwa misimu mitatu kwenye diski moja na kukwama pale pale penye utamu. Safari hii tumeiangalia kwa nafasi, na mimi kwa ugonjwa wa kazi nikaanza kufuatilia jinsi ilivyopokewa ilipokuwa mpya. Nikakuta jambo la kuchekesha kidogo. Wahakiki na watazamaji waliangalia kitu kimoja, wakaona viwili.

Mtoto ambaye hakuna aliyemtarajia

Stori ya kuzaliwa kwake wenye ndoa mtaipenda. Mtunzi wake, Anthony Zuiker, ni kijana wa Las Vegas ambaye aliwahi kuendesha tramu ya hoteli ya Mirage. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba mkewe ndiye aliyemkalisha nyumbani jioni moja waangalie The New Detectives, kipindi kilichokuwa kikieleza kesi za kweli zilizofumbuliwa kwa sayansi. Wazo likamjia hapo hapo. Basi mnaokimbilia baa kila Ijumaa, pigeni hesabu wenyewe mnapoteza nini.

Zuiker akazunguka na askari wa maabara wa Las Vegas kwenye matukio yao, akaandika, wazo likafika kwa Jerry Bruckheimer, mtayarishaji wa filamu za milipuko kama Armageddon. Kituo cha ABC kikaikataa, CBS ikaichukua. Kisha, msimu ukikaribia kuanza, Touchstone, kampuni ya Disney iliyokuwa igharimie tamthilia hiyo, ikajitoa. Waliokuja kuokoa jahazi ni kampuni ya Kanada, Alliance Atlantis. Fikiria umeshachapisha kadi za harusi, halafu mwenye ukumbi anakupigia simu.

Hata CBS yenyewe haikuwa imeweka matumaini yake yote hapo. Tamthilia waliyoipigia debe Ijumaa zile ilikuwa The Fugitive, marudio ya hadithi maarufu ya daktari anayekimbia hukumu ya kumuua mkewe. CSI iliwekwa nyuma yake, kama sahani ya kachumbari pembeni ya pilau. Usiku wa Oktoba 6, 2000 watu zaidi ya milioni 17 wakaiangalia. The Fugitive haikufika msimu wa pili. CSI ilihamishiwa Alhamisi mwaka 2001, na katika msimu wa 2002 hadi 2003 ikawa tamthilia inayoongoza kwa watazamaji Marekani nzima. Kachumbari ikala pilau.

Wahakiki walilalamikia nini?

Wahakiki waligawanyika. Sura yake iliwavutia wengi: Las Vegas ya usiku yenye taa za rangi, maabara ya kioo iliyojaa mwanga wa bluu, na ule mtindo wa kamera kuingia mwilini kufuata njia ya risasi, kupasua ngozi, kupita kwenye mbavu, mpaka kwenye moyo. Hakuna aliyekuwa amezoea kuona hivyo kwenye televisheni ya sebuleni. Na William Petersen, aliyecheza Gil Grissom, mtu wa wadudu na maneno machache, alisifiwa hata na waliokuwa hawaikubali tamthilia.

Malalamiko nayo yalikuwa na msingi, na nikiwa mkweli, nayakubali karibu yote. La kwanza ni mazungumzo. Mtaalamu mmoja anamweleza mwenzake, mtaalamu pia, jinsi damu inavyoruka ukutani. Kwani mwenzake hajui? Bila shaka anajua. Anaelezwa ili mimi na wewe tusikie. Mume wangu kila mara anaiambia runinga, "Mwambie unajua bwana, unakula mshahara wa bure?"

La pili ni ubaridi. Mwaka 2000 sifa zilikuwa kwa tamthilia zenye watu: The Sopranos na kochi la daktari wake, The West Wing na korido zake za maneno mengi. CSI hukujua Grissom anakula nini jioni wala anampenda nani. Catherine Willows, aliyechezwa na Marg Helgenberger, alikuwa na mtoto na mtalaka msumbufu, Warrick Brown akawa na kamari yake, lakini haya uliyapata kwa kijiko cha chai. Wahakiki wakaona ni mashine nzuri isiyo na moyo. Tuzo za Emmy zikaonekana kukubaliana nao: iliteuliwa mara tatu kuwa tamthilia bora, 2002, 2003 na 2004, haikushinda hata moja. Zilizokuja ni za mafundi, kama wa sauti na wa vipodozi. Wale wanaotengeneza maiti, yaani.

La tatu ni damu na ngono, na hapo walioshika bango ni Parents Television Council, kundi la wazazi lililoandamana nayo kwa miaka. Sitawabeza. Kuna episodi ambazo nilizima mwanangu alipopita kuomba maji.

Lakini wahakiki wakali kuliko wote hawakuwa wa magazeti. Walikuwa watu wa maabara wenyewe. Walicheka kuona mtaalamu wa alama za vidole anabeba bastola, anamhoji mtuhumiwa, anakwenda kumkamata, na mwingine anachuchumaa kwenye eneo la tukio na viatu vya kisigino. Kazini kwao kila mtu ana kipande chake: wa kukusanya anakusanya, wa maabara anapima, mpelelezi anapeleleza. Majibu ya vinasaba yanayotoka kabla ya matangazo ya biashara, huko kwao yalisubiri wiki na miezi. Haikuwa kwamba tamthilia ilikosa mshauri. Elizabeth Devine, aliyekuwa mtaalamu wa maabara ya polisi wa kaunti ya Los Angeles, aliwashauri, kisha akawa mwandishi wao. Vifaa ni vya kweli, na majina ya kemikali pia. Uongo uko kwenye saa, na kwenye uhakika.

Sisi tulichoona

Hapo kwenye uhakika ndipo watazamaji walipopenda. Grissom alikuwa na msimamo wake: watu wanadanganya, ushahidi haudanganyi. Katika episodi ya kwanza kabisa kipande cha ukucha wa mguu ndani ya kiatu kinamwangusha mtu mwenye maelezo matamu. Jamani, nani asiyetaka dunia ya namna hiyo? Ukitoka kazini ambako bosi anasema hili na kufanya lile, unarudi kwa mwenzi anayesema "nipo njiani" na nyuma yake muziki unasikika, dakika 45 za watu wasiodanganyika ni dawa. Ule ubaridi uliowakera wahakiki ndio uliotuliwaza. Hatukuhitaji Grissom atulilie. Tulihitaji awe sahihi.

Ila hapo ndipo wahakiki, pamoja na ukali wao wote, walipopitwa na habari kubwa. Walibishana kuhusu moyo wa tamthilia wakati swali lilikuwa kwenye sayansi yake.

Msimu ule ule ilioshika namba moja, jijini Houston, Texas, kulikuwa na maabara ya polisi ambayo paa lake lilivuja juu ya ushahidi. Novemba 2002 kituo cha televisheni cha hapo, KHOU, kilianza kufichua jinsi kitengo chake cha vinasaba kilivyokuwa kikipima vibaya na kueleza vibaya mahakamani. Mwezi uliofuata kitengo kikafungwa. Kati ya waliokuwa gerezani kwa majibu ya maabara hiyo alikuwemo Josiah Sutton, aliyekamatwa 1998 akiwa na miaka 16 kwa ubakaji na kuhukumiwa miaka 25. Mwathirika alimwona barabarani siku chache baada ya tukio akadhani ndiye, na maabara ikasema vinasaba vyake vimo. Vilipopimwa upya, havikuwemo. Alitoka Machi 2003, baada ya zaidi ya miaka minne.

Hebu waza. Alhamisi usiku mamilioni wanaangalia maabara ya kioo isiyokosea. Texas hiyo hiyo, chini ya paa linalovuja, kijana wa shule anazeekea ndani.

Ukidhani ni maabara moja chakavu, mwaka 2004 FBI wenyewe walisema alama ya kidole iliyopatikana Hispania baada ya mabomu ya treni za Madrid ilikuwa ya Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon. Wiki mbili akawa ndani. Polisi wa Hispania walikuwa na wasiwasi tangu mwanzo, na ndio waliompata mwenye kidole, mtu mwingine kabisa. FBI wakaomba radhi, na mwaka 2006 serikali ikamlipa dola milioni 2. Kisha Februari 2009 ikatoka ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani iliyosema wazi kwamba, ukiacha upimaji wa vinasaba, hakuna njia ya kimaabara iliyokuwa imethibitishwa kikamilifu kuweza kumwonyesha mtu fulani na si mwingine. Alama za meno, ulinganishaji wa nywele, vyote ambavyo kwenye CSI vilimaliza kesi kabla ya chai kupoa.

Waendesha mashtaka wa Marekani wao walilalamika kinyume. Kule hatia huamuliwa na raia wa kawaida, mara nyingi 12, na ikadaiwa raia hao sasa wanataka vinasaba hata kwenye kesi ya kuibiwa kuku. Wakaiita athari ya CSI. Jaji Donald Shelton wa Michigan hakuridhika na maneno, mwaka 2006 akawauliza raia zaidi ya 1,000 walioitwa mahakamani. Asilimia 46 walitarajia kuona ushahidi wa kisayansi katika kila kesi ya jinai, na asilimia 22 walitarajia vinasaba katika kila kesi. Lakini kwenye kuamua hatia, waliokuwa wakiangalia CSI hawakutofautiana sana na wasioangalia. Kwa hiyo tamthilia ilibadilisha tunachokitarajia kuliko tunachokiamua.

Kutarajia huko kumefika hadi kwetu. Muulize yeyote aliyewahi kudhani atakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na nywele za mtoto kwenye bahasha, achukue majibu kesho yake. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009, na ombi la kupima linapitia kwa wanaotambuliwa nayo, kama mahakama, wakili au afisa ustawi wa jamii. Nimesikia wanaume wakiuita huo urasimu. Mimi nikimfikiria mtoto ambaye jina la baba yake linataka kukatwa kwa bahasha, naona afadhali mlango uwe na mlinzi.

Na sijitoi. Tukiwa msimu wa pili, nilikuta risiti kwenye mfuko wa shati nililokuwa nataka kuloweka. Jumanne, saa mbili na dakika kumi usiku, sahani mbili za kuku, soda mbili. Jumanne hiyo mtu aliniambia yuko kikaoni. Nilisubiri episodi ianze, nikaisimamisha, nikaiweka risiti mezani kama Catherine mwenyewe. Tarehe sahihi, saa sahihi, sahani mbili sahihi. Ushahidi haukudanganya hata kidogo.

Sahani ya pili ilikuwa ya mdogo wake. Shemeji yangu alikuwa amepunguzwa kazini, akamsihi kaka yake asimwambie mtu kwanza, hata mimi. Mume wangu alikuwa amedanganya, kweli, na hilo tulilizungumza mpaka usiku wa manane. Lakini kesi niliyokuwa nimeifunga kichwani tangu asubuhi ilikuwa nyingine kabisa, yenye mwanamke na hata rangi ya gauni lake.

Episodi hiyo tuliimalizia Jumapili. Muuaji alikuwa yule yule aliyemtaja dakika ya kumi, na mpaka leo ananikumbusha.