Blanketi la Mtoto Lililogeuka Sanaa

Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulinuniana kwa sababu ya picha ya sebuleni. Miduara na miraba mitupu! "Hata mtoto wa chekechea anachora hii," akasema. Basi nikamsimulia habari za Sonia Delaunay, na wewe msomaji wangu nakusimulia.

Mwaka 1911, mjini Paris, Sonia alimshonea mwanawe mchanga, Charles, blanketi la vipande vya vitambaa, kama alivyoona wakulima wa kwao wakifanya. Lilipokamilika, akaona linafanana na michoro mipya ya mjini. Yeye na mumewe, Robert, wakaanza kujaribu mambo yaleyale kwenye picha: maumbo na rangi zikizungumza zenyewe.

Vitabu vingi huwataja kwanza wanaume: Malevich na mraba wake mweusi wa 1915, Mondrian na mistari yake iliyonyooka. Mimi inanikera, samahani.

Mapinduzi ya Urusi ya 1917 yalikata kodi za nyumba zilizokuwa zikiwatunza. Nani alileta mkate mezani? Sonia! Alifungua duka Madrid, akabuni nguo na vitambaa, Robert akaendelea kuchora. Robert alifariki 1941, na mjane wake akahangaika miaka mingi jina la marehemu lisisahaulike. Lake likasubiri hadi 1964, alipokuwa mwanamke wa kwanza kufanyiwa maonyesho Louvre akiwa hai.

Picha yetu bado iko ukutani. Juzi mume wangu kaniuliza, eti lile blanketi liko wapi? Nikamwambia: makumbusho, Paris.