Kiingereza kinapopotea mwishoni mwa neno

Kusanya madaftari ya kidato cha pili katika shule yoyote ya bonde letu, kati ya Ifakara na Mbingu, au endelea na reli ya TAZARA hadi Mngeta na Mlimba, utakuta kosa moja limezidi mengine yote: “two book”, “yesterday he walk”. Walimu wengi huliita uzembe. Mimi, baada ya miaka ya kufundisha lugha, siwezi kuliita hivyo, na inaniuma kuona mtoto akichapwa kwa ajili yake.

Mtoto wa Mbingu hukua na Kindamba, Kipogoro, Kimbunga au Kihehe nyumbani, na Kiswahili shuleni na sokoni. Zote ni lugha za Kibantu, na ndani yake umoja na wingi husikika neno linapoanza: mto, mito. Katika Kiswahili hata wakati hukaa mbele: ninavuna, nilivuna, nitavuna. Silabi zake nazo karibu zote huishia na irabu. Mtoto huyu amezoea kutega sikio mwanzoni mwa neno, maana huko ndiko habari iliko.

Kiingereza kwa kawaida huweka wingi na wakati uliopita mkiani, tena mara nyingi katika konsonanti tupu. Neno “asked” likitamkwa kwa makini, huishia na konsonanti tatu mfululizo bila irabu hata moja. Mwanafunzi hazisikii, basi haziandiki. Kanuni anaijua na ataikariri ukimwamsha usiku, lakini ukimsomea imla itampita.

Kwa hiyo tuanze na sikio. Mwalimu asome “book, books, book”, na darasa linyooshe mkono kila linaposikia wingi. Kisha “walk” na “walked”. Dakika tano kila kipindi zinatosha, na hakihitajiki chochote zaidi ya sauti ya mwalimu, hata darasa likiwa la wanafunzi tisini.

Baada ya sikio, jicho. Kilichotoroka katika usemi hubaki kimeandikwa kwenye ukurasa, ila mtoto lazima asome kingi na chepesi. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walieleza jinsi Kiingereza cha sekondari zetu kilivyokuwa chini mno kubeba masomo mengine. Kabla ya miaka ya 1980 kwisha, mradi uliofadhiliwa na Uingereza ukasambaza mashuleni vitabu vya hadithi vya Kiingereza rahisi. Wazo lile lilikuwa sahihi, na ningependa kuona sanduku la hadithi kama hizo katika kila darasa la bonde hili kabla ya kitabu kingine cha sarufi.

Haraka yangu ina sababu. Hapa Kiingereza ni somo na pia ndicho chombo cha kufundishia Biolojia, Jiografia na Hisabati. Tume ya Makweta, iliyochunguza elimu nchini, ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike kufundishia hadi sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Naamini tume ilikuwa sahihi. Lakini maadamu karatasi ya mtihani wa kidato cha nne inakuja kwa Kiingereza, tofauti ya “heats” na “heated” inaweza kumnyima alama mtoto anayeifahamu sayansi yenyewe.

Kifaransa, ambacho kwetu ni somo la kuchagua, kinamtendea mtoto huyu tofauti. “La rivière” na “les rivières” zina tofauti ya wazi, na iko mbele! Ile s ya mwisho huandikwa tu, haitamkwi. Hata upatanisho haumtishi anayesema “mito mikubwa imefurika”, kwa kuwa amezoea kivumishi kufuata ngeli ya nomino. Kinachomsumbua ni jinsia, maana umbo la nomino mara nyingi haliionyeshi. Dawa ni kutojifunza nomino peke yake hata siku moja: si “riz”, ni “le riz”, si “rivière”, ni “la rivière”.

Na katika hili yupo anayewatangulia wenzake. Familia za wafugaji wa Kimaasai zimehamia bondeni, na lugha yao hutenga nomino za kiume na za kike kwa viambishi vya mwanzo, ol- na en-. Darasa la Kifaransa lenye mtoto wa familia hiyo lina msaidizi tayari: mwalimu amwombe yeye ndiye aanze kuwaeleza wenzake jinsia ya nomino ni nini.