Usijichubue Ili Upendwe

Sisi wauguzi wa wodi ya wazazi huwapokea kina mama wengi wenye nyuso nyeupe, lakini vifundo vya vidole vyao ni vyeusi. Hapo hatuulizi sana. Tunajua ni mkorogo.

Mama mmoja kijana ameturuhusu tueleze habari yake bila kumtaja jina. Alijifungua kwa upasuaji, na kidonda kilichelewa kufunga kwa sababu ngozi yake ilikuwa imekuwa nyembamba mno. Tulipomwuliza alianza lini kujipaka, alijibu kwa sauti ndogo: "Tangu nilipoposwa. Mawifi walisema kaka yao alistahili mke mweupe." Amejipaka miaka minne, na mawifi hawajanyamaza. Siku hizi wanamsema kwamba amejichubua.

Ndugu zangu, hakuna krimu ya kumfanya mtu apendwe na watu wote. Weusi wa ngozi si uchafu wala ugonjwa. Ni rangi inayotengenezwa na mwili wenyewe ili kutukinga na miale ya jua. Anayeiondoa anabomoa ukuta wa nyumba yake ili jirani amsifu.

Mikorogo mingi huwa na moja au zaidi ya sumu hizi:

Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu. Kwa mjamzito, humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje krimu zenye zebaki nyingi, lakini bado zinapatikana kwa magendo.

Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuleta mabaka meusi ambayo ni vigumu kutoka.

Steroidi kali huifanya ngozi iwe nyembamba, huleta michirizi na huchelewesha vidonda kupona. Zikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu, huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu.

Kama unajipaka, usione aibu kuja zahanati au hospitali. Njoo na kopo lako, hata kama halina maandishi. Ikiwa umetumia muda mrefu, usiache ghafla kabla ya kumwona mganga, kwa maana mwili uliozoea steroidi huweza kudhoofika. Jikinge na jua kwa mwavuli au kanga. Usimpake mtoto kamwe.

Nasi wazazi, mashangazi na mawifi tuchunge ndimi zetu. Binti akisikia tangu utotoni kwamba mdogo wake ndiye mzuri kwa kuwa ni mweupe, atalitafuta kopo hilo siku moja. Mwenyezi Mungu hakukosea alipomwumba.

Mama yule alirudi nyumbani kidonda kikiwa kimefunga na mtoto ananyonya vizuri. Kopo lake alituachia sisi.