Je, Wajua? Vilima vya Mbooni Vinamjibu Malthus

Je, wajua kwamba katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliamini kuwa Machakos, wilaya ya Kenya iliyojumuisha Mbooni wakati huo, inageuka jangwa kwa sababu ya wingi wa watu na mifugo? Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti ulioonyesha kinyume: kuanzia 1932 hadi 1989 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, lakini mmomonyoko ukapungua. Wakulima, wengi wao wanawake wa vikundi vya kazi ya pamoja viitwavyo mwethya, walichimba mitaro na kutupa udongo upande wa juu wa mteremko, yakawa matuta ya fanya juu yanayozuia maji na rutuba visiteremke.

Wapo wanaosema kilichookoa ardhi ni mishahara ya Nairobi na kahawa, si wingi wa watu. Hoja hiyo ina uzito, na huenda mafanikio hayo yasingewezekana kwingine palipo mbali na soko. Hata hivyo, fedha hazichimbi mtaro. Mikono ilihitajika, nayo ilikuwapo. Walimu wa jiografia, kabla wanafunzi hawajakariri kwa ajili ya mtihani nadharia ya Malthus kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula, wapelekeni Mbooni wakapime mteremko wenyewe.