Foleni ya Jerikani

Nyote mnajua jinsi jerikani inavyoshika foleni. Unaiweka nyuma ya ile ya jirani, unaifunga kitambaa chekundu shingoni isije ikabadilishwa, halafu unakwenda zako kucheza. Wakati wa kiangazi hapa Buhehe, saa 12 asubuhi, jerikani za manjano zinaanzia kwenye pampu, zinapita chini ya mwembe, na mkia wa foleni unakaribia barabara. Ukija saa 8 mchana unaikuta pampu imekaa peke yake, mbuzi wanalamba maji yaliyomwagika. Hakuna aliyeongeza maji kisimani tangu asubuhi. Ni saa tu iliyobadilika.

Nayataja haya kwa sababu juzi mmoja wenu aliniuliza: "Babu, ni kweli kuna miji ambayo ukiingia na gari unalipishwa, si kwa kuegesha, bali kwa kuingia tu?" Ni kweli. Na watu wanagombania jambo hilo mpaka mahakamani. Basi sogeeni, maana katika mambo ya foleni mimi nimekula chumvi nyingi.

Nilikuwa utingo wa trela. Safari zetu zilikuwa Mombasa hadi Kampala, na mpaka tuliovukia mara nyingi ni huu wetu wa Busia, mara nyingine Malaba, kule Tororo. Sasa, trela si jerikani. Huwezi kuifunga kitambaa ukaenda kucheza. La mbele likisogea hatua 10, dereva anawasha injini, anasogea hatua 10, anazima. Usiku unalala jicho moja, maana wako wanaokuja na kipande cha mpira kunyonya dizeli kwenye tangi. Nilipika ugali na omena kwenye jiko la makaa katikati ya matairi. Asubuhi akina mama walipita na chupa za chai na mayai ya kuchemsha, chumvi imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nyanya yenu alikuwa mmoja wao. Ndivyo tulivyojuana, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Siku 2, siku 3 tulikaa pale, kwa mpaka ambao mtu wa miguu anauvuka kabla chai yake haijapoa. Hata boda boda, inasimuliwa, zilizaliwa hapa kwa sababu hiyo: tangu miaka ya 1960 vijana wa Busia walipakia abiria kwenye baiskeli kuwavusha kile kipande kilicho kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, wakiita "Boda! Boda!", yaani mpaka, mpaka. Leo neno hilo limefika Dar es Salaam na Juba, na wengi wanaolitumia hawajui lilitoka kwetu. Mkiulizwa, jibuni kwa kifua.

Foleni ile ya trela ilitokana na nini? Magari yalikuwa mengi, sawa, lakini kilichotuua ni karatasi. Ulisimama upande wa Kenya ukaguliwe unatoka, ukasogea kidogo, ukasimama upande wa Uganda ukaguliwe unaingia. Maswali yale yale mara mbili, mihuri mara mbili. Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walikuja Busia kufungua kituo cha pamoja. Maofisa wa nchi zote mbili wakakaa chini ya paa moja, na lori linalotoka Kenya likawa linasimama upande wa Uganda peke yake. Siku zikageuka saa. Dereva hakuongezewa hata senti ya kulipia nafuu ile. Kwa hiyo mtu akiniambia foleni zote huondolewa kwa kulipisha watu, huwa namuuliza kwanza: foleni yenyewe imetokana na nini?

Foleni ya Nairobi au Kampala ni ya namna nyingine. Pale hakuna muhuri wala ofisa. Ni watu wengi wanaotaka barabara ile ile saa ile ile, na wengine kila mmoja peke yake ndani ya gari la viti 5. Mfikirieni yule kijana wa pikipiki anayekuja kisimani na jerikani 8 za kwenda kuuza. Akiingia foleni saa 12 asubuhi, yeye anangoja zamu yake kama kila mtu. Lakini walio nyuma yake, watu 30, kila mmoja ameongezewa dakika za jerikani 8. Zijumlisheni muone. Dakika hizo zimeliwa na yeye, zinalipwa na wengine, na wala si mtu mbaya. Haoni tu anachowagharimu, kwa sababu hakuna anayemletea hesabu.

Mtu aliyeshikilia sana hesabu hiyo ni William Vickrey, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Tangu miaka ya 1950 alisema barabara iwe na bei, na bei ipande saa za msongamano, ishuke barabara ikiwa tupu. Oktoba 1996 alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi, na siku 3 baadaye akafariki. Hakuwahi kuona mji wake ukilifanya: New York ilianza kulipisha magari yanayoingia katikati ya mji tarehe 5 Januari 2025, dola 9 kwa gari dogo saa za msongamano, baada ya malumbano ya miaka.

Waliotangulia ni Singapore, mwaka 1975. Dereva alinunua karatasi ya dola 3 za kwao kwa siku, akaibandika kwenye kioo cha mbele, ndipo akaruhusiwa kuingia katikati ya mji asubuhi. Magari katika eneo lile yakapungua kwa zaidi ya theluthi. Ila mimi napenda zaidi kipengele kidogo walichokiweka: gari lenye watu 4 au zaidi liliingia bure. Kumbukeni hicho, tutakirudia.

Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, walifanya busara nyingine. Wananchi wengi walikuwa hawataki kabisa kulipishwa. Serikali ikasema, tujaribu kwanza. Kuanzia Januari 2006 wakajaribu kwa miezi 7, mabasi yakaongezwa, magari yakapungua kama moja ya tano. Kisha jaribio likasimamishwa, foleni zikarudi, na Septemba watu wakapiga kura. Wakazi wa mji walio wengi wakasema ndiyo. Walikuwa wameonja pande zote mbili.

Lakini msidhani wanaopinga ni wajinga. Nendeni Nairobi mkaone. Tangu Mei 2022 kuna barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Gari dogo lilikuwa likilipa shilingi 360 za Kenya kwa urefu wote. Tangu Januari 2024 ni 500. Juu magari yanateleza. Chini, kwenye barabara ya bure, matatu zimebanana, kondakta ananing'inia mlangoni na abiria wanahesabu nguzo. Mwenye nguvu mpishe, siyo? Mwenye 500 amenunua dakika zake, asiye nazo amebaki kuangalia matumbo ya magari ya wenzake. Msongamano haukuondolewa kwa wote. Uliachiwa wale wasioweza kulipa.

Mji huo uliwahi pia kujaribu fimbo badala ya bei. Tarehe 3 Desemba 2018 gavana Mike Sonko alizuia matatu kuingia katikati ya mji. Maelfu ya watu, wazee, wajawazito, wenye mizigo, wakatembea kwa miguu, na magari ya binafsi yakapita kando yao. Marufuku hiyo haikudumu. Ilikuwa imemkamata aliyebeba watu 14 na kumwachia aliyejibeba mwenyewe. Hapo ndipo naikumbuka Singapore na kile kipengele chake.

Sasa niwaambie la kwetu, maana wengine mlikuwa wadogo. Januari 2022, mwezi mmoja tu, Uganda ilikuwa na malipo mapya mawili barabarani.

La kwanza lilianza tarehe 8, kwenye barabara kuu mpya ya Kampala na Entebbe. Gari dogo, shilingi 5,000 za Uganda. Watu walinung'unika, wakaandika, wakasema kwenye redio, kisha maisha yakaendelea. Anayekimbilia ndege alilipa, asiyetaka alirudi kwenye barabara ya zamani ya Entebbe na foleni yake ya bure.

La pili lilikuwa hapa mpakani. Ilikuwa enzi ya korona, na kila dereva wa lori aliyeingia alitakiwa kupimwa na kulipia dola 30. Madereva wakakataa. Wakazima injini. Malori yakapangana upande wa Kenya makumi ya kilomita kutoka Malaba na Busia. Mafuta hayakuingia Uganda, na katika baadhi ya vituo petroli ikapita shilingi 10,000 kwa lita. Pikipiki ziliegeshwa, nauli zikaruka. Mwisho serikali ikaiondoa ile ada ya dola 30, malori yakaanza kutembea.

Malipo yale hayakuwekwa kwa ajili ya msongamano, yaliwekwa kwa ajili ya ugonjwa. Lakini kwangu yana somo kubwa kuliko ya Stockholm na New York. Aliyekuwa Entebbe alikuwa na barabara nyingine. Dereva wa trela angekwenda wapi? Busia dola 30, Malaba dola 30, asubuhi dola 30, usiku dola 30. Bei ambayo haikuachii njia nyingine, wala saa nyingine, haiwezi kukusogeza popote. Inakusimamisha tu. Nami kama ningekuwa bado utingo, ningezima injini pamoja nao, nikawasha jiko langu.

Jambo hili linatujia karibu. Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, kupitia Nakuru, ambayo magari yatailipia kwa kilomita. Ndiyo njia inayoleta trela kwetu. Sukari, saruji, dawa, vyote hupita huko, na ada ya lori haikai kwenye lori. Inashuka hadi kwenye kiduka cha jirani yenu.

Jana nililileta jambo hili kisimani, wakati jerikani zikingoja. Nikawauliza watoto: tuseme asubuhi maji yalipiwe na mchana yawe bure, mnaonaje? Kelele! Mmoja akasema sawa, pesa zinunue mipira ya pampu, ile inayochakaa kila mara. Msichana mmoja akamkata: "Mchana tuko shuleni. Kwa hiyo wanaokwenda shule ndio watalipa, na wanaoshinda nyumbani watachota bure?" Kimya. Mwingine akauliza nani atashika pesa, wakataja jina, wakalikataa, wakacheka, nami nikajifanya sikusikia. Na kwenye kilio je? Na mwenye mgonjwa?

Walibishana mpaka jua likapanda, nami sikuwasaidia. Mwishowe wakakubaliana hivi: jerikani moja au mbili za mtoto, bure saa yoyote. Nyumba yenye kilio au mgonjwa, bure. Anayebeba jerikani za kuuza, kabla ya saa 4 asubuhi, shilingi 200 kwa kila moja, na pesa zikae kwa nyanya anayeuza mandazi, kwa sababu huyo hata chenji ya shilingi 50 hasahau.

Hawajamaliza vizuri, yule kijana wa pikipiki huyo akafika, jerikani 8 tupu zimefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Wakamzunguka, kila mmoja anaeleza kwa sauti yake. Alisikiliza, mguu mmoja chini, akapiga hesabu kwa midomo.

"Na saa 8 mchana?" akauliza.

"Bure!"

Akatoa simu, akaangalia saa, akageuza pikipiki. Tulizisikia jerikani zikigongana mpaka alipokata kona.